Upasuaji wa kupunguza unene: Usalama hauishii kwenye mshono

Mai Mahiu ni mji wa madereva wa malori, ambako barabara ya Narok hujitenga na ile ya Naivasha. Anayeketi kutwa kwenye usukani na kula chipsi usiku hana budi kunenepa. Lakini tatizo si la madereva pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulibaini kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi.

Ndiposa baadhi ya Wakenya wanaelekea Nairobi kupunguzwa mfuko wa chakula. Wengi huuliza bei. Wachache huuliza jinsi daktari atakavyozuia madhara.

Katika upasuaji ulioenea zaidi duniani, sehemu kubwa ya mfuko huondolewa, ukabaki mrija uliofungwa kwa pini ndogo za chuma. Hatari inayoogopwa ni kuvuja. Ili kuikinga, daktari hutanguliza mpira ndani ya mfuko kabla ya kukata, kwa maana mrija mwembamba mno huongeza shinikizo na kuachanisha mshono. Wengine hushona uzi juu ya pini, kisha hutia maji ya samawati kuona iwapo yanapenya.

Kuna pia upasuaji wa kuunganisha mfuko na utumbo, ambao huacha mapengo yanayoweza kuunasa utumbo. Utafiti wa Uswidi uliohusisha wagonjwa 2,507, na kuchapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kuwa kuyaziba kulipunguza waliopasuliwa tena kwa sababu ya utumbo kuziba kutoka asilimia 10.2 hadi 5.5 katika miaka mitatu.

Hata hivyo, uvujaji huweza kujitokeza mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Moyo kwenda mbio, homa na maumivu ya tumbo havitibiwi kwa dawa za dukani. Mkazi wa Mai Mahiu atakimbizwa Kijabe au Naivasha, kwa daktari asiyejua alivyokatwa. Basi asitoke Nairobi bila ripoti ya upasuaji na nambari ya simu ya aliyempasua. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.