Kiti cha mwisho apewe nani?

Haya washikaji, leo tuongelee kikapu. Kila mwaka kabla ya ligi, timu za NBA huita kambini wachezaji hadi 21. Ligi ikianza, wenye mikataba kamili ni 15 tu. Mastaa hawana presha. Kasheshe iko kwa wanaogombea kiti cha 14 na cha 15: panga likishuka, kibarua kimeota nyasi.

Wengi wetu tungempa mfungaji, au mkongwe mwenye jina. Mimi nasema hapana. Pointi mastaa wanazo, benchi linataka mtu wa kukaba.

Cheki Golden State Warriors, Oktoba 2021. Kiti kimebaki kimoja, wanaokitaka ni pamoja na Avery Bradley, mkongwe wa ligi, na Gary Payton II, ambaye timu kibao zilishamtema. Jamaa alikuwa ameulizia hata kazi ya kuandaa video hapo hapo klabuni! Wote wawili wakakatwa. Siku chache baadaye Payton akarudishwa, kiti cha 15 kikawa chake. Juni 2022 alikuwa fainali akiwabana Boston Celtics, na Warriors wakabeba ubingwa kwa michezo 4-2.

Kwa hiyo kocha, usihesabu nani kafunga sana kambini. Jiulize: dakika mbili zimebaki, nani atamkaba staa wao? Huyo mpe jezi, hata kama jina lake hulijui.

Tuonane wiki ijayo!