Anayenunua Karafuu Zetu Anapanda Nini?



Msimu ukikaribia, linalozungumzwa barazani ni bei. Ni haki, kwani mchumaji anataka ujira wake siku ile ile. Lakini liko swali la pili ambalo ni nadra kulisikia: karafuu zikishatoka bandarini zinakwenda kwa nani, na huyo naye anapanda nini kwake?

Wazee waliokuwa na mashamba miaka ya 1970 wanajua ya kuwa mnunuzi mkubwa siku zile alikuwa Indonesia. Hakuzitaka kwa pilau; alizitia katika sigara za kretek, ambazo ni tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Mwanzo wa miaka ya 1980 bei ilifika kiasi cha dola 9,000 kwa tani. Kumbe Waindonesia walikuwa wamekwisha panda mikarafuu yao kwa wingi, Java, Sumatra na Sulawesi. Kufika katikati ya miaka ile wakajitosheleza, na miaka ya 1990 tani ikashuka chini ya dola 1,000. Wako waliokata mikarafuu wakachoma makaa.

Sasa, mkarafuu haupandwi leo ukachumwa mwakani. Huchukua miaka 6 hata 8. Maana yake khabari ile ilikuwa imesimama wazi shambani, ina majani na matawi, muda mrefu kabla ya bei kuanguka. Hapa Visiwani hapakuwa na wa kumwambia mkulima. (Wapo wasemao riziki ni ya Mungu tu. Ni kweli, lakini macho nayo katupa Yeye.)

Leo Bara Hindi ni katika wanunuzi wakubwa wa karafuu duniani. Sisi twamwona ni mteja bora kuliko yule wa kretek, kwa kuwa karafuu yake inakwenda jikoni na katika dawa, haitegemei kiwanda cha namna moja. Hata hivyo tusimhesabu kuwa ni wetu daima. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi walizisusia karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sheria ya ununuzi, chama cha Congress kikawaunga mkono, na mapatano hayakupatikana mpaka 1938. Indonesia naye hununua mavuno yake yakiwa haba, yakiwa mengi hunyamaza. Zinazokwenda Singapore hatuzitii katika hesabu hii. Pale ni dukani tu, huuzwa tena kwingine. Na Madagascar na Comoro wanagonga milango hiyo hiyo.

Kwa hivyo tunaleta ombi moja mbele ya mkutano mkuu. Chama kiiombe ZSTC, kila mwisho wa msimu, ibandike katika vituo vya ununuzi tani ngapi zimeuzwa nchi gani na kwa bei gani, pamoja na khabari za upandaji wa Indonesia na Madagascar. Tena wakija wageni na maneno ya kuwekeza, tusiulize watajenga nini tu; tuulize watanunua kiasi gani, kwa miaka mingapi. Mwanachama anayetia miche ardhini mwaka huu anazihitaji khabari hizo sasa.

Wenye maoni wayafikishe kwa makatibu wa matawi kabla ya mkutano.