Namba ya siri na kadi ya uchaguzi

Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, feza nyingi za masomo na hata za sadaka zinapita katika simu. Zinalindwa na tarakimu nne tu. Hapa Kibombo wengi wanachagua mwaka wao wa kuzaliwa. Lakini mwaka huo umeandikwa kwenye kadi ya uchaguzi, kadi ile ile tunayoonyesha tukinunua laini! Wengine, hata waweka hazina wa makanisa, wanamtajia kijana wa kibanda namba yao awasaidie kutuma. Mzee asiyesoma namwelewa. Mweka hazina, hapana. Hakuna kampuni inayopiga simu kuuliza namba ya siri. Anayeuliza ni mwizi, kateni simu. Aliyekwisha kuitaja aibadilishe leo, kabla sadaka ya Jumapili haijaingia.