Kumtoa mkeo mkale bustanini: nani kasema ni haramu?



Ndugu zangu, wiki hii nimetumiwa kipande kimoja cha video na watu wasiopungua kumi. Kinaonesha mgahawa wa bustani, taa ndogo zimetundikwa kwenye miti, meza zimepangwa juu ya nyasi. Mume na mke wameketi, mke kajistiri kwa baibui na nikabu. Mhudumu anawaletea chakula kidogo kidogo: kwanza supu, wakimaliza anaondoa bakuli analeta saladi, kisha samaki, kisha nyama, mwisho kitu kitamu na kahawa. Ni ile menyu ya bei moja, unalipia mlolongo wote, umekula umeacha, pesa ni ile ile. Aliyerekodi hakuomba ruhusa. Yuko meza ya nyuma (yeye alifuata nini pale, hilo hakutueleza). Chini yake kaandika kwamba huo ni uigaji wa makafiri, ni israfu, na kwamba mwanamke mwenye haya chakula chake hukila jikoni kwake.

Nimesoma na maoni. Nusu yake ni matusi kwa mke wa mtu.

Kila aliyenitumia anauliza, Sheikh unasemaje? Nasema wazi ili nisinukuliwe nusu: mume kumtoa mkewe wakala chakula cha halali, kwa pesa ya halali, mahali pa heshima, si haramu. Wala si makuruhu. Akinuia vizuri ana ujira. Anayedai ni haramu ndiye anayetakiwa kuleta dalili, siyo mimi.

Kuharamisha si kazi ya mwenye simu. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.t.) ametuamrisha tule na tunywe wala tusifanye israfu. Aya inayofuata tu, ya 32, Anamhoji kwa ukali yule anayeharamisha mapambo na riziki nzuri Alizowatolea waja Wake. Aya hizi mbili zinakaa pamoja, ubavu kwa ubavu. Lakini wahubiri wetu wa mtandaoni wakifika mwisho wa ya 31 wanafunga msahafu.

Wanasema kula kwa awamu, sahani baada ya sahani, ni mila ya Wazungu. Basi ngoja. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya, kwenye adabu za kula, ameeleza namna ya kuwapangia wageni chakula: matunda yatangulie, nyama ifuate. Ameliegemeza hilo kwenye Suratul-Waqi'a, ambamo matunda yametajwa kabla ya nyama ya ndege. Na karne nyingi kabla ya hoteli za Ulaya, Ziryab aliyefika Cordoba mwaka 822 akitokea mashariki ndiye ambaye wengi humtaja kuwa aliwazoesha watu wa kasri kuletewa chakula kwa mpangilio, supu mbele, nyama katikati, vitamu mwisho. Alikuwa mwanamuziki, na hapa simtaji kwa muziki wake. Namtaja ili uone kwamba unachokiita cha makafiri, pengine wao ndio walikiona kwetu.

Tena usiende mbali hadi Andalusia. Ramadhani nyumbani kwako unafungulia tende na maji, unakwenda kuswali Magharibi, unarudi kwenye uji na sambusa, baadaye mihogo ya nazi na samaki, kisha chai. Hesabu mwenyewe ni awamu ngapi. Tofauti ni kwamba mhudumu wako ni mkeo, na yeye hapati mshahara.

Ama kula bustanini, hilo limenishangaza zaidi, kwa sababu linalopingwa lina kisa chake katika sira. Amepokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka nyumbani akawakuta Abu Bakr na Umar (r.a.), akawauliza kilichowatoa saa ile. Wakasema njaa. Naye akaapa kwamba kilichowatoa wao ndicho kilichomtoa yeye. Wakaenda kwa mtu mmoja wa Ansari, na katika mapokezi ya Tirmidhi ametajwa jina, Abul-Haytham bin at-Tayyihan, mwenye mitende mingi na kondoo. Mwenyewe hakuwepo, alikwenda kuteka maji matamu. Mkewe ndiye aliyewakaribisha. Aliporudi, akawapeleka bustanini kwake, akawatandikia mkeka, akawaletea shada zima la tende, zilizoiva na zisizoiva sana, wachague wenyewe. Kisha akashika kisu. Mtume akamwambia asimchinje kondoo wa maziwa. Akachinja, wakala nyama, wakala tende, wakanywa maji baridi.

Kivuli, bustani, tende kwanza, nyama baadaye, maji baridi. Mtume wetu hakuinuka akasema hii ni anasa. Alikula mpaka wakashiba wote. Aliposhiba ndipo akawaambia maswahaba wake wawili kwamba neema ile wataulizwa Siku ya Kiyama. Linapatana na aya ya mwisho ya Suratut-Takathur. Tazama utaratibu wake: hakukataza neema, amefundisha kwamba ina hesabu. Wewe unataka kuikataza ili usiwe na kazi ya kuhesabu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike simu, nalo ni huyo mke wa kukaa jikoni.

Ndugu yangu, unakijua kisa cha jirani Mfursi? Kimo kwa Muslim pia, kutoka kwa Anas (r.a.). Mtume alikuwa na jirani kutoka Uajemi, hodari wa kupika mchuzi. Akapika, akaja kumwalika. Mtume akamuuliza, na huyu je? Akimkusudia Bibi Aisha (r.a.). Yule bwana akasema hapana. Mtume akakataa mwaliko. Akarudi kualika mara ya pili, swali lile lile, jibu lile lile, Mtume akakataa tena. Mara ya tatu Mfursi akakubali. Hapo wakainuka wote wawili, wakafuatana mpaka nyumbani kwake.

Rudia kuisoma taratibu. Bwana wa viumbe anaalikwa chakula kitamu, anakataa mara mbili kwa sababu mkewe hakualikwa. Siyo mwaliko wa harusi wala wa msiba. Ni mchuzi tu, na jirani kaupika vizuri. Wewe una dalili gani ya kusema mwenye haya anakula jikoni? Kuna mwenye haya kumshinda Mama wa Waumini?

Sasa nikuoneshe tunavyoishi sisi. Nawajua wanaume wa mtaani kwangu, nawaswalisha. Jumatatu mishkaki kwenye kona, Jumanne chipsi mayai, Jumatano supu ya pweza, na kahawa na kashata barazani ni kila siku, haina Jumatatu wala Jumanne. Saa 4 usiku bwana anaingia nyumbani kashiba. Sahani yake imefunikwa kwa kawa tangu Magharibi, wali umepoa, hata hafunui. Huyo hakuna anayemrekodi. Hakuna anayeandika chini yake kwamba ni mbadhirifu. Lakini siku mke akisema, baba Fulani, na mimi siku moja nitoe, nikae mahali nisipike wala nisioshe sufuria, mara moja mume amekuwa faqihi! Anakumbuka israfu, anakumbuka zuhdi, anakumbuka hata maskini wa Gaza. Mishkaki ya wiki nzima hakuwakumbuka.

Piga hesabu ya mwezi ya barazani uone kama haifiki bei ya hiyo menyu ya watu wawili.

Wanawake wanaokuja kulalamika kwangu msikitini mara nyingi hawaanzi na kipigo wala njaa. Wanaanza hivi: Sheikh, mume wangu hanioni. Miaka 12, 15, anamwona mpishi, anamwona mama wa watoto, yeye mwenyewe haonwi. Salman al-Farisi (r.a.) alipomzuru nduguye Abu Dardaa alimkuta mkewe kaacha kujipamba, akamuuliza ana nini. Akajibiwa kwamba nduguye hana haja na dunia. Abu Dardaa hakuwa mlevi wala mzinifu, alikuwa na saumu na kisimamo cha usiku! Salman akamlazimisha ale, akamlaza, akamwambia mkeo ana haki juu yako, na Mtume akasema Salman kasema kweli. Amepokea Bukhari. Ikiwa mwenye tahajjudi alirudishwa kwa mkewe, mwenye bao na kahawa atasema nini?

Na mtu asidhani haya ni mambo ya dunia tupu. Tonge unayoitia kinywani mwa mkeo kwa kutaka radhi za Allah, Mtume alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas kwamba ina malipo.

Na aliyerekodi: kumpeleleza Muislamu kumekatazwa katika Suratul-Hujurat, na mwanamke yule alikuwa kajifunika ili asitazamwe, wewe ukamtazamisha kwa maelfu. Baina yenu wawili, anayehitaji kufundishwa haya ni nani? Na ninyi mnaosambaza mkiandika "tunakumbushana tu," mpo naye.

Je, kwa hiyo twende tu kila mahali na kwa vyovyote? La. Nimesema ina hesabu.

Kwanza pesa. Kama unadaiwa na deni limefika siku yake, mwenye haki yako anakupigia simu hupokei, bustani hiyo si yako mwezi huu. Kama mama yako kijijini anasubiri dawa, vile vile. Kama ustadh anayemsomesha mwanao hajaona ada ya madrasa miezi mitatu, mimi nikikukuta pale nitakusalimia, lakini utanielewa nitakavyokutazama. Israfu haipimwi kwa kibaba kimoja kwa watu wote. Shilingi 80,000 kwa mmoja ni mshahara wa siku nyingi, kwa mwingine ni mafuta ya gari. Suratul-Furqan, aya ya 67, imesifu watu wa katikati, wasiofuja wala kubana. Mbahili naye ametajwa pale, wengi wanamruka.

Pili, menyu yenyewe. Hii ya bei moja ina mtego: hukuchagua wewe, kachagua mpishi. Basi piga simu kabla hujalipa. Uliza nyama na kuku wamechinjwa na nani. Uliza kama kuna mchuzi uliotiwa mvinyo, maana sehemu nyingi za watalii hupikia, na kama kile kitamu cha mwisho kimetiwa pombe au jelatini ya nguruwe. Uliza kinywaji cha kukaribishia wageni ni nini. Usione haya kuuliza, wenye mzio wa karanga wanauliza kila siku na hakuna anayewacheka. Mahali wanapouza pombe, usiende. Ndiyo, wapo wanaosema maadamu haiko meza yangu, na wana hoja yao, kwa sababu hadithi ya Tirmidhi imemkataza muumini kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Mimi siifuati ruhusa hiyo. Miji yetu ya pwani ina sehemu safi za kutosha, tafuta hizo, na ukizijaza wewe mwenye baibui na kanzu, zitaongezeka.

Tatu, Isha. Chakula cha namna hii kinachukua saa mbili, pengine tatu. Swalini Magharibi kabla ya kukaa. Adhana ya Isha ikilia na sahani iko mbele yako, kula, usiwe na wasiwasi, hadithi ipo ya kutanguliza chakula kilicholetwa, na wakati wa Isha ni mpana. Lakini usiondoke pale usingizi umekulemea ukalala bila kuswali, ukasema Sheikh karuhusu.

Mabaki omba wakufungie, umeshayalipia, wala si aibu. Mtume amefundisha hata tonge iliyoanguka iokotwe, ifutwe, iliwe, isiachiwe shetani. Na picha za sahani usizitume. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa akipika mchuzi aongeze maji awape majirani. Siku hizi mvuke wa mchuzi unapita kwenye simu, unawafikia majirani 2,000, na mchuzi wenyewe hakuna anayeuonja.

La mwisho ni yule mhudumu. Amesimama tangu alasiri, amebeba sahani zako tano akaziondoa tano, na huenda watoto wake usiku huo wamekula ugali na dagaa. Mtume amesema kuhusu mtumishi anayekuletea chakula kwamba usipomketisha nawe, basi mpe japo tonge moja au mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu yake. Iko kwa Bukhari. Huwezi kumketisha, kazini hawamruhusu. Basi mwite kwa heshima, usimpigie miluzi, mpe kitu mkononi mwake mwenyewe kabla hujainuka, na salamu za mpishi mpe azifikishe jikoni.

Wallaahu a'lam.