Kariakoo mpya ianze na mizani, lumbesa iishe

KARIAKOO haikauki kwenye habari. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka na kupoteza maisha ya watu. Julai 2025 Serikali ikatangaza orodha ya biashara ambazo raia wa kigeni hawaruhusiwi kuzifanya, na macho ya wengi yakaelekea Kariakoo. Katika yote hayo, mkulima wa viazi wa Njombe au wa vitunguu wa Mang'ola hutajwa kwa nadra sana, ilhali soko lenyewe lilijengwa kwa ajili ya mazao yake.

Ni vyema kukumbushana. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi eneo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji wakalitamka kwa namna yao, likabaki hivyo hadi leo.

Jengo la soko lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo nchini Israel. Paa zake za zege zina umbo la miavuli, na chini ya ardhi kuna sehemu iliyozoeleka kwa jina la Shimoni. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akalifungua soko.

Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliliteketeza. Serikali ikatoa Sh 28 bilioni kukarabati soko hilo na kujenga jingine jipya pembeni. Tangu hapo mjadala mkubwa umekuwa juu ya vizimba: nani arudi, nani apewe na kwa kodi gani. Ni mjadala wa haki kabisa, lakini kuna swali kubwa zaidi kwa mkulima na mchuuzi mdogo. Je, mazao yatapimwaje?

Hapo ndipo linapoingia neno lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye jukumu la kuisimamia. Viongozi wengi wamepiga marufuku lumbesa kwa nyakati tofauti, lakini bado inapakiwa mashambani.

Hesabu yake ni rahisi. Chukulia gunia la viazi linanunuliwa shambani kwa Sh 70,000. Likiwa na kilo 100, mkulima amelipwa Sh 700 kwa kilo. Likijazwa hadi kilo 140 kwa bei ile ile, amelipwa Sh 500. Akiuza magunia 20 ya namna hiyo, ametoa kilo 800 za ziada, sawa na magunia manane halali yenye thamani ya Sh 560,000. Fedha hiyo ingetosha kununua mifuko kadhaa ya mbolea ya msimu unaofuata.

Wapo watakaosema kuwa lumbesa hulipwa bei ya juu kidogo. Inawezekana. Lakini bila mizani, mkulima atajuaje kama nyongeza hiyo inalingana na kilo alizoongeza? Mnunuzi hukisia mara mia kwa msimu, mkulima hukisia mara moja au mbili. Katika makisio ya namna hiyo mwenye uzoefu ndiye hushinda.

Hata hivyo, si sahihi kumbebesha dalali au mnunuzi lawama zote. Lumbesa inaishi kwa sababu gharama nyingi za njiani huhesabiwa kwa gunia. Mwenye lori hutoza kwa gunia, mpagazi hulipwa kwa gunia, na dalali huchukua chake kwa gunia. Mfanyabiashara akipunguza idadi ya magunia kwa kuyanenepesha, amepunguza gharama. Mzigo huo unaishia mgongoni mwa mpagazi, katika mtaa ulioitwa kwa jina la wabeba mizigo.

Anayeumia mwingine ni mchuuzi. Mama lishe au muuza genge wa Buguruni anayenunua gunia hajui amepata kilo ngapi mpaka alifungue na kulipima kwa sado. Leo anapata faida, kesho hasara, na hawezi kulinganisha bei ya Kariakoo na ya Mabibo au Temeke Stereo.

Mizani si jambo geni kwa mkulima wa Tanzania. Korosho, kahawa na pamba huuzwa kwa kilo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilijengwa juu ya uzito na ubora unaojulikana. Mfumo huo una malalamiko yake, lakini hakuna mkulima wa korosho wa Mtwara anayeuza kwa kilemba. Kwa nini mkulima wa viazi abaki nyuma?

Kukamata malori barabarani peke yake hakutoshi, kwani mara nyingi mzigo umeshanunuliwa na mkulima ameshapunjwa. Dawa iwekwe sokoni. Shirika la Masoko ya Kariakoo na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam waweke mizani iliyohakikiwa kwenye lango la kushushia mazao, ushuru utozwe kwa kilo, na bei ya jumla ya kila zao ibandikwe kila asubuhi kwa kilo. Masoko mengine ya jiji yafuate. Dalali akijua kuwa sokoni analipa na kuuza kwa kilo, faida ya kilemba itapungua sana.

Wakulima nao wasisubiri. Kikundi au chama cha ushirika kinaweza kuchangishana kununua mizani moja, ikahakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mnunuzi yeyote akaikuta imeshafungwa. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huhamia kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, italazimu mnunuzi apime.

Kariakoo imetengenezewa majengo kwa mabilioni ya walipa kodi. Bila mizani langoni, mkulima hatakuwa amepata chochote katika mabilioni hayo.