Bustani ya mtoto isigeuzwe adhabu

Watu wazima wengi waliosoma shule za msingi nchini wanalikumbuka jembe kwa namna moja. Aliyechelewa namba alipelekwa shambani, aliyepiga kelele darasani alikatiwa eneo la kufyeka, na asiyemaliza hesabu alipalilia mahindi ya shule huku wenzake wakiendelea na somo. Wengi wao walimaliza shule wakiamini kuwa kushika udongo ni kazi ya mkosaji.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na waone faida ya jasho lao. Katika shule nyingi jembe lilibaki, ila nafasi ya mwanafunzi kuamua ilisahaulika.

Mzazi anayefikiria kuanzisha bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba pamoja na watoto wake anaweza kuanza upya jambo hilo. Mtoto wa miaka mitatu, mitano au saba bado hajui kwamba kulima ni adhabu. Anapenda kuchimba, anapenda maji, na akimwona jongoo atachuchumaa hapo nusu saa. Hamu hiyo anayo tayari, hivyo kazi kubwa ya mzazi ni kutoiharibu.

Aanze na eneo dogo

Bustani nyingi za familia hufa kwa sababu zilianza zikiwa kubwa. Baba analima uwanja mzima Jumamosi, watoto wanashangilia, na wiki ya pili hakuna mwenye nguvu ya kumwagilia. Baada ya mwezi kazi yote imehamia kwa dada wa nyumbani, na watoto wanapita pembeni kama vile haiwahusu.

Kwa kuanzia, tuta moja linatosha. Upana usizidi sentimita 80, ili mkono wa mtoto ufike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga mimea. Urefu wa mita moja na nusu ni mwingi wa kutosha. Kama watoto ni wawili, tuta ligawanywe kwa kamba au mstari wa mawe, kila mmoja awe na upande wake. Kijiti chenye jina lake kichomekwe hapo. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuchora jua au samaki, mradi alama hiyo ni yake.

Mahali pazuri ni panapopata jua kwa saa sita au zaidi, na karibu na mlango wa jikoni ili bustani ionekane kila siku. Paepukwe jirani na choo, karo la maji machafu, mahali palipomwagwa oili ya gari na mahali palipokuwa pakichomewa taka. Mboga za majani hukaa karibu sana na udongo, na uchafu wa udongo huo huweza kuishia kwenye sahani.

Wanaoishi nyumba za kupanga zenye uwanja wa saruji wasikate tamaa. Ndoo iliyopasuka, beseni kuukuu au gunia vinafaa, mradi vitobolewe chini maji yasituame. Kwa gunia, kopo kubwa lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto, kisha udongo hujazwa pembeni yake. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo na kujazwa kokoto tena, hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hupitisha maji hadi chini. Miche ya sukuma wiki au spinachi hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni, na mtoto mfupi hupata matundu ya chini yanayolingana na kimo chake.

Udongo uchanganywe na samadi, kwa kipimo cha ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi iwe imeoza vizuri, nyeusi na isiyo na harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu visivyofaa mikononi mwa mtoto.

Mboga zinazowahi

Kwa mtoto mdogo, wiki tatu ni muda mrefu mno, kwa hiyo mboga za kwanza ziwe zile zinazojibu upesi.

Mchicha ndio wa kwanza. Ukipata maji na joto huanza kuchomoza ndani ya siku tatu hadi tano, na baada ya wiki tatu au nne unaweza kung'olewa na kuliwa. Tatizo ni mbegu zake, ambazo ni ndogo kama punje za mchanga. Zichanganywe na kiganja cha mchanga mkavu ndipo mtoto azinyunyize kwenye mstari, kisha zifunikwe kwa udongo kiasi kidogo tu.

Kunde zinafaa vidole vya mtoto kwa sababu mbegu yake inashikika. Mtoto anatoboa shimo kwa kidole hadi pingili ya pili, anadondosha punje mbili na kufukia. Majani machanga huchumwa kwa mboga baada ya mwezi mmoja hivi.

Matembele hayahitaji mbegu kabisa. Vipande vya mashina vya urefu wa sentimita 20 hadi 30 huombwa kwa jirani na kuchomekwa ardhini kwa kulazwa kidogo, vifundo viwili au vitatu vikiwa chini ya udongo. Hata mtoto akichomeka vibaya, vingi vitashika.

Nyanya zinawavutia watoto, lakini zisubiri msimu wa pili. Zinachukua miezi mitatu hivi tangu mbegu hadi tunda, zinahitaji kuwekewa miti ya kuegemea, na kantangaze anaweza kuzimaliza kabla mtoto hajaonja hata moja. Bustani ya kwanza inatakiwa ifike mezani.

Wakati mzuri kwa maeneo ya pwani na kaskazini ni mvua za masika zinapopungua, kuelekea Juni. Udongo bado una unyevu, jua si kali, na mvua kubwa haipo tena kuzika mbegu au kulaza miche. Penye maji ya uhakika, mchicha huoteshwa mwaka mzima.

Kila umri na kazi yake

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaweza kudondosha kunde shimoni na kumwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari, kingo zake zikiwa zimepigwa zisimkate. Atamwaga mengi miguuni, na hilo si kosa.

Wa miaka minne na mitano anaweza kupanda mstari mzima, kung'oa magugu aliyoonyeshwa, na kuokota viwavi kwa mkono. Wa miaka sita hadi minane anaweza kutunza daftari la bustani, akiandika tarehe ya kupanda, siku ya kwanza kuona kijani, na urefu wa mche kwa rula kila Jumapili. Hapo anajifunza kipimo na kalenda bila kuambiwa kwamba anasoma.

Jambo la muhimu ni kazi hiyo iwe ya kweli. Mtoto hutambua haraka kwamba amepewa kazi ya kumpotezea muda. Akishamwagilia, mzazi asirudie palepale mbele yake. Akipanda mstari uliopinda, uachwe umepinda. Mzazi anayenyoosha mstari usiku mtoto akiwa amelala amemnyang'anya shamba lake, na asubuhi mtoto ataliona hilo hata kama hatasema.

Vivyo hivyo kwa uamuzi. Mtoto aulizwe, "Upande huu tuweke mchicha au kunde?" Akijibu, jibu lake lifuatwe. Akitaka pilipili na mzazi hataki, aelezwe sababu: pilipili ikigusa macho inauma.

Kuna swali ambalo karibu kila mtoto huuliza siku ya pili: "Mama, mbona yangu haioti?" Asipopata jibu la kumridhisha, siku ya tatu atafukua aone. Dawa yake ni rahisi. Punje za maharage ziwekwe kwenye glasi juu ya pamba yenye unyevu, karibu na dirisha. Pale ataona mzizi ukishuka na shina likipanda siku baada ya siku, na ataelewa kinachoendelea chini ya udongo bila kuufukua.

Mambo ya kuangalia kwa usalama

Mtoto avae viatu bustanini. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye kinyesi. Akitoka, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu cha kula.

Ndoo na mapipa ya maji ya kumwagilia yafunikwe au yamwagwe baada ya kazi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu.

Mbegu za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani mara nyingi zimewekwa dawa. Mtoto asizishike, azipande mtu mzima, au familia itafute mbegu zisizo na dawa. Na bustani ya watoto isipuliziwe sumu ya dukani. Vidukari huondolewa kwa kupiga majani maji, viwavi huokotwa, na majivu kidogo yaliyopoa hunyunyizwa kwenye majani asubuhi kukiwa na umande. Mboga hizo zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kuku ni adui mkubwa kuliko wadudu wote. Uzio wa fito au matawi ya miiba uwekwe siku ileile ya kupanda, kwa sababu kuku mmoja anaweza kuparua kazi ya wiki nzima kwa dakika tano. Miiba aifunge mtu mzima.

Mmea ukinyauka

Itafika siku mtoto atasahau. Atakwenda kucheza, kesho yake ataangalia katuni, na siku ya tatu mchicha utakuwa umelala. Hapa ndipo wazazi wengi hurudi kwenye walichofundishwa shuleni: kufoka, kumtaja mbele ya ndugu zake kuwa mvivu, au kumwambia kwamba hatakula hadi amwagilie.

Njia iliyo bora ni kumkumbusha mara moja kwa upole, na kwenda naye. Kuambatana naye dakika kumi jioni kunafaa kuliko kumwamrisha kutoka barazani. Ikiwa mimea imekufa, mzazi asiipande mingine kimyakimya ili mtoto asijue. Waende pamoja, waguse udongo mkavu, mtoto aseme mwenyewe kilichotokea, kisha wapande tena. Pakiti ya mchicha ina mbegu za kurudia mara nyingi. Mtoto aliyeona mmea wake umekufa na bado akapewa mbegu nyingine amejifunza jambo ambalo kiboko hakiwezi kulifundisha.

Kwa sababu hiyohiyo, bustani isitumike kumwadhibu. Akivunja kikombe au akimpiga mdogo wake, ashughulikiwe kwa kosa hilo, lakini asipelekwe kupalilia. Siku atakayopelekwa bustanini kwa kosa, ataanza kuiona kama jela.

Wazazi walio na maisha ya haraka mijini watasema hawana muda. Tuta la mita moja na nusu linahitaji robo saa kwa siku, na anayetoka kazini usiku anaweza kuitumia asubuhi kabla ya gari la shule. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanatosha sehemu ya umwagiliaji, jambo lenye nafuu kwa wanaonunua maji kwa ndoo. Yenye sabuni yasitumike.

Siku ya kuvuna

Mchicha ukifika kimo cha kiganja cha mtu mzima na kuzidi kidogo, mtoto ndiye ang'oe. Akate mizizi kwa msaada, aoshe kwenye beseni, na akae karibu jikoni mboga ikiungwa kwa nazi au karanga. Usiku huo familia iambiwe wazi nani amelima.

Inawezekana mtoto anayekataa mboga siku zote akala sahani nzima. Inawezekana pia akaonja kijiko kimoja na kukunja uso. Asilazimishwe. Kuna mavuno mengine wiki zijazo, na mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi kabla ya kukizoea.

Kabla ya kupika, fungu moja litengwe. Mtoto alipeleke mwenyewe kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani aliyetoa mashina ya matembele. Abishe hodi, aamkie, na aseme mboga imetoka kwenye shamba lake. Mpokeaji atauliza amelimaje, na mtoto ataeleza: mbegu zilikuwa ndogo, kuku alikuja, siku moja alisahau kumwagilia. Akirudi nyumbani, mzazi amkabidhi pakiti ya mbegu na kumuuliza safari hii wapande nini.