Maji kwenye pamba ya Serengeti, hatari mpaka melini

Kila msimu wa pamba ukifunguliwa lawama ni zilezile: mkulima kamwagia maji au kaweka mchanga ili kilo zipande. Iwe Serengeti au Tarime, mjadala huishia kwenye bei na adhabu. Safari ya mzigo wenyewe haizungumzwi.

Pamba mbegu iliyolowa ikirundikwa ghala la AMCOS inapata joto, inavunda, nyuzi zinabadilika rangi. Ikipita kinuni bila kukauka vizuri, unyevu unafungwa ndani ya robota. Pamba nyuzi haitakiwi kuzidi sana unyevu wa asilimia 8.

Kinachofuata ni lori, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bandari ya Dar es Salaam, maana sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje. Halafu kontena la chuma. Mchana joto, usiku baridi. Mvuke unageuka matone kwenye paa na kuudondokea mzigo.

Na moto je? Kanuni za kimataifa za mizigo hatari baharini zinaiweka pamba iliyolowa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Taka za pamba zenye mafuta nazo zimo. Hata cheche ndogo ya kinuni inaweza kufukuta ndani ya robota siku kadhaa, kwa sababu hewa iliyobanwa katikati ya nyuzi inatosha. Kwa nje huoni kitu.

Bombay waliona matokeo yake Aprili 14, 1944. Meli ya Fort Stikine ilikuwa na marobota yapatayo 8,700 ya pamba, juu yake zaidi ya tani 1,000 za mabomu na risasi. Moto ukaanzia kwenye chumba chenye pamba, zimamoto wakashindwa kuufikia, meli ikalipuka. Mamia walikufa. Ni kweli, mabomu ndiyo yaliyoua, lakini pamba ndiyo iliyouficha moto.

Kwa hiyo kumtisha mkulima peke yake ni kazi nusu. Ghala linahitaji chaga na turubai, na kituo kinahitaji kipima unyevu, kwa sababu mizani inaona uzito tu. Tofauti ya bei kati ya pamba safi na pamba fifi nayo ionekane kweli pale mizanini. La sivyo, aliyeanika yake siku tatu anaondoka na hela kidogo kuliko jirani aliyeileta imelowa.